Je, protini za jichoni zinaweza kupimwa badala ya picha ya retina?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani, nina kisukari cha aina ya pili mwaka wa saba huu. Kliniki wananitaka nikapigwe picha ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, lakini yale matone ya kupanua mboni hunifanya nishindwe kazi siku hiyo. Nimesoma kuwa kisukari kikianza kuharibu macho, kuna protini huongezeka. Kwa nini nisipimwe hizo, hata kwa damu? Na mkojo wangu ulikutwa na protini. Ndizo hizo hizo?

JIBU: Marahaba. Nenda ukapigwe picha, tena usichelewe.

Protini ulizosoma habari zake zipo kweli. Inayojulikana zaidi huitwa VEGF. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo sana ya retina, mingine ikaziba. Sehemu iliyokosa oksijeni hutoa VEGF ili mishipa mipya iote. Lakini protini hiyo hulegeza pia kuta za mishipa iliyopo, majimaji yakavujia katikati ya retina, pale unapopategemea kutunga uzi kwenye sindano. Nayo mishipa mipya ni dhaifu. Ikipasuka, damu humwagika ndani ya jicho.

Kwa damu haipimiki kwa maana unayoitaka. VEGF ya kwenye damu hutoka sehemu nyingi za mwili, haituambii kwa uhakika retina ina hali gani. Ili kuipata ya jichoni, tunatia ganzi, kisha sindano nyembamba huingizwa pembeni mwa kioo cha jicho na kuvuta kama mililita 0.1 ya maji ya mbele. Ute wa nyuma mara nyingi huchukuliwa mgonjwa akiwa tayari kwenye upasuaji. Siwezi kumfanyia hivyo mtu anayeona vizuri ili tu akwepe matone, kwani sindano ya jicho, ingawa ni mara chache, inaweza kuingiza vijidudu.

Na hata maji hayo yakipatikana, jibu lake halitoshi. Mwaka 1994 Lloyd Paul Aiello na wenzake huko Marekani walichapisha vipimo vya maji ya macho ya watu waliofanyiwa upasuaji. Kwa wenye ugonjwa wa retina wa kisukari, VEGF ilionekana katika sampuli 69 kati ya 136. Nusu tu! Ilikuwa juu zaidi kwa wale ambao mishipa mipya ilikuwa ikiota wakati huo, yaani ugonjwa umeshafika mbali. Wewe nataka ugundulike mapema zaidi, na picha huonyesha vivimbe vidogo vya mishipa na madoa ya damu wakati mwenyewe bado unaona kila kitu sawasawa.

Utafiti huo haukupotea bure, maana ndio uliosaidia kufungua njia ya dawa. Sindano za ranibizumabu, aflibasepti na bevasizumabu huzuia VEGF, na zimeokoa uwezo wa kuona wa watu wengi. Faricimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, huzuia pia protini nyingine iitwayo anjiopoietini-2.

Ya mkojo ni nyingine. Kwa kawaida ni albumini, protini ya damu iliyopenya kwenye figo. Lakini usiipuuze: mishipa midogo ya figo ikidhurika, ya macho nayo mara nyingi imeguswa. Kwako hiyo ni sababu ya kuharakisha picha, na kufuatilia presha pamoja na sukari.

Kuhusu kazi, omba miadi ya mchana ukishamaliza kushona. Kwa kawaida matone huisha nguvu baada ya saa chache. Uliza pia kama wana kamera isiyohitaji matone, zipo, ingawa mboni ikiwa ndogo picha huweza kukosa ubora na ukalazimika kuwekewa. Picha ikiwa safi, rudia kila mwaka au kama watakavyokupangia.

Ila ukiona ghafla vidoa vyeusi vinaelea, au kivuli kama pazia, usisubiri miadi. Nenda hospitali yenye daktari wa macho siku hiyo hiyo.