Neno "sinister": maana yake na lilikotoka

Muulizaji ametaka kujua kama neno la Kiingereza "sinister" lina maana ya "-a kutisha" tu, na kama ni kweli kwamba lilitokana na Warumi kuwaona watu wa mashoto kuwa waovu. Nilisoma Kilatini seminarini na sasa nafundisha Kiingereza, kwa hiyo maswali yote mawili nimeulizwa mara nyingi.

Kuhusu maana, "-a kutisha" haitoshi. Mbwa anayebweka huku ametoa meno anatisha, lakini Mwingereza hatamwita "sinister", kwa kuwa ubaya wake uko wazi. Neno hili hudai ubaya uliojificha: dalili ya shari ambayo bado haijatokea, au nia mbaya iliyofunikwa kwa upole. Mimi huwaelekeza wanafunzi wangu waandike "-enye kuashiria shari".

Ama kuhusu asili, ni kweli kwamba katika Kilatini "sinister" ni "-a kushoto", na kinyume chake ni "dexter". Hata hivyo, chanzo cha ubaya si watu wa mashoto, bali ni elimu ya kusoma ishara za ndege na radi, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Kwa desturi ya kale ya Warumi, kushoto kulikuwa upande wa heri, kwa sababu aliyetafuta ishara alielekea kusini, na mashariki, jua linakochomoza, ikawa kushotoni kwake. Wagiriki walielekea kaskazini, hivyo mashariki ikawa kuliani, na kushoto kukabaki na mkosi. Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, katika kitabu chake kuhusu utabiri cha mwaka 44 KK, alieleza waziwazi kwamba Warumi huona ishara za kushoto kuwa bora, ilhali Wagiriki huona za kulia. Fikra za Kigiriki zilipoenea miongoni mwa Warumi wasomi, hasa washairi, neno hilohilo likawa linabeba heri na shari kwa pamoja, mpaka shari ikashinda. Kiingereza kililipokea katika karne ya 15 kupitia Kifaransa, likiwa tayari na harufu ya hila.

Lugha zilizozaliwa na Kilatini hazikulitendea neno hili sawa. Waitaliano hadi leo husema "sinistra" kwa maana ya kushoto, bila kumwogopesha mtu. Kwa maana hiyo Wahispania walichukua "izquierda", neno lenye undugu na Kibaski, lugha ya eneo la mpaka wa Uhispania na Ufaransa, wakaliacha "siniestro" litaje uovu na ajali, nao Wafaransa wakashika "gauche".

Katika utabibu wa macho neno limesalia na maana yake ya kwanza. Herufi OS zinazoandikwa kwenye vyeti vingi vya miwani ni kifupi cha "oculus sinister", yaani jicho la kushoto.