Huduma inayowaka pamoja na seva: vigezo vyake vya mazingira (environment variables) uviweke wapi

Ukianza kazi ya kutunza seva huku Nakuru, hili litakukuta mapema. Tuseme ushirika wa maziwa kule Njoro una programu ya kurekodi uzito kutoka kwenye mizani. Ukiianzisha kwa mkono, inafanya kazi barabara. Usiku stima inapotea, inarudi, seva inajiwasha yenyewe. Alfajiri wakulima wamepanga foleni na mitungi yao, nayo programu haijui hifadhidata iko wapi.

Sababu ni kwamba uliiandika `DB_HOST`, yaani kigezo chenye anwani ya hifadhidata, kwenye `~/.bashrc`. Faili hiyo ni ya ganda (shell) lako wewe, na systemd, programu ya Linux inayoanzisha huduma, haiigusi inapoianzisha yako. Hata `/etc/environment` haisaidii hapa, kwa kuwa PAM, sehemu inayoshughulikia kuingia, huisoma mtu anapoingia kwenye mfumo. Huduma hupewa `PATH` (orodha ya mahali pa kutafuta programu) ya kawaida na vitu vichache tu.

Andika hivi (`maziwa` ni jina la huduma yetu): `sudo systemctl edit maziwa`, kisha

```
[Service]
Environment="TZ=Africa/Nairobi"
EnvironmentFile=/etc/maziwa/maziwa.env
```

Usiihariri faili ya huduma iliyoletwa na kifurushi, maana sasisho linaweza kuifuta kazi yako.

`DB_HOST` iandike ndani ya `maziwa.env`. Nywila nayo iweke humo, kamwe si kwenye `Environment=`, kwa sababu mtumiaji yeyote wa mashine hiyo anaweza kuisoma kwa `systemctl show`. Faili iwe ya root, `chmod 600`, ili mwenyewe tu aisome. Huduma itaanza hata kama inaendeshwa na mtumiaji mwingine, kwani systemd huisoma ikiwa bado na mamlaka ya root, kabla ya kuikabidhi huduma kwa mtumiaji huyo.

Sasa makosa yanayokula saa nzima. Faili hii si skripti. Ukianza mstari na `export`, mstari huo unarukwa. Ukiandika `PORT=8080 # ya mizani`, maneno yote hayo yanakuwa thamani ya `PORT`; maelezo yapewe mstari wake. Katika `PATH=$PATH:/opt/maziwa/bin`, `$PATH` haibadilishwi kuwa thamani yake, kwa hiyo andika njia yote kwa urefu. Na kwenye `Environment=`, alama ya `%` iandikwe mara mbili, `%%`.

Kistari kabla ya njia, `EnvironmentFile=-/etc/...`, humaanisha faili ikikosekana huduma iendelee tu. Kwa faili yenye nywila, kiondoe. Ni heri huduma ikatae kuanza na kukuambia kwa nini kuliko iamke nusu.

Ukibadilisha faili ya env, `systemctl restart maziwa` inatosha. Ukihariri huduma yenyewe kwa mkono, tanguliza `systemctl daemon-reload`.

Kuthibitisha, tazama kile mchakato ulichopewa hasa:

```
sudo cat /proc/$(systemctl show -p MainPID --value maziwa)/environ | tr '\0' '\n'
```

Ukiona `DB_HOST` hapo, iwashe seva upya ungali umeketi mbele yake, mchana, kisha rudia amri hiyo hiyo.