Kufunga TikTok kutamsaidia binti?

Dada, umeuliza kama umfungie TikTok binti yako wa miaka 14 anayekataa posho (ugali) ya jioni ili apungue uzito. Usitegemee marufuku. Sheria ya Uganda ya kupinga ponografia ya 2014 ilizaa vurugu Kampala, wanawake wakavuliwa nguo hadharani kwa ajili ya sketi fupi, hadi Mahakama ya Katiba ilipofuta vifungu vyake vikuu Agosti 2021. Video za kupunguza tumbo sheria hiyo haikuzigusa, maana hazina uchi.

Anachoona kinatokana na anachotazama: akimaliza video moja, analetewa nyingine za aina hiyo. Kaeni pamoja, fungueni mipangilio, sehemu ya mapendeleo ya maudhui, muanzishe upya mtiririko wa video, kisha mchuje maneno ya kupunguza uzito, ya Kiingereza na ya Kiganda pia. Halafu awashe kichujio cha urembo, kile kinachobadilisha sura kwenye kamera, na kukizima usoni pake mwenyewe. Aone pua ikipungua, taya likichongoka. Hilo linamfungua macho kuliko hotuba yoyote.

Mezani msitaje unene wa mtu, hata kwa utani wa shangazi. Akikosa hedhi, akizimia au akijitapisha, mpeleke hospitali mara moja.