Jibu: Pikapu inalia chini, nipige grisi wapi?
Mkuu, umeuliza kama upige grisi kila jointi ya Land Cruiser yako ya mizigo kwa sababu inalia kwenye matuta. Si kila jointi. Angalia nipeli, yaani vichuchu vidogo vya chuma vya kupitishia grisi: krosi za propela (viungo vya shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu), pini za springi kama zako zina nipeli, na bol jointi (viungo vya mpira wa chuma) mpya za kubadilishia, ambazo nyingi huja na nipeli. Jointi isiyo na nipeli imefungwa kiwandani. Mpira unaoifunika ukipasuka, badilisha jointi, usihangaike nayo.

Bushi za mpira (vipande vya mpira vinavyokaa kwenye maungio ya chini ya gari) usizipake grisi ya kawaida hata fundi akikuapia. Inavimbisha mpira na kuulainisha. Na ukifunga mpya, bolti zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukizikaza likiwa linaning'inia kwenye jeki, mpira unabaki umejisokota, unachanika mapema (mafundi wengi wanaruka hapa).

Grisi ya lithiamu namba 2 inatosha. Futa nipeli kwanza, la sivyo pampu inasukuma mchanga ndani. Kwenye pini sukuma mpaka grisi chafu yote itoke. Kwenye bol jointi acha mara mpira unapoanza kutuna. Ukivuka mto wenye maji mengi, piga tena mapema.