Simu yako inapogeuka jalada la kesi ya ofisi

Kwa miaka minne nilifanya sehemu kubwa ya kazi za ofisi kwa simu yangu mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha, niliona ni wepesi kumjibu mteja papo hapo kuliko kusubiri nifike mezani, na mwajiri, ambaye huduma hiyo haikumgharimu chochote, hakuwa na sababu ya kunizuia. Makubaliano ya bei, picha za mikataba na malalamiko ya wateja vilikaa katika WhatsApp ileile niliyoitumia kuzungumza na mama yangu kuhusu matibabu yake. Kisha mteja mmoja akaishtaki ofisi, na wakili wa ofisi akanitaka niikabidhi simu ili mazungumzo yangu na mteja huyo yanakiliwe.

Kukabidhi simu kulinisononesha, lakini kilichonitia hofu hasa ni jambo jingine. Wiki chache nyuma simu ilikuwa imejaa, nami nikafuta mazungumzo ya zamani ili nipate nafasi, yakiwemo baadhi ya yale ya mteja huyo. Mimi niliona nasafisha simu. Upande wa pili wa shauri ulidai nimeharibu ushahidi. Wakili alinieleza kwamba katika nchi nyingi, mtu akishajua kuwa kuna shauri au kwamba linanukia, hana ruhusa tena ya kufuta kumbukumbu zinazolihusu, hata kama zimo katika kifaa alichokinunua kwa fedha yake. Nilinusurika kwa sababu nilifuta kabla ya barua ya madai kufika, na nakala rudufu ikaonyesha hivyo. Lakini fundi aliyenakili simu alipita katika kila kitu, na ujumbe wa mama yangu ulikuwa humo.

Ndiyo maana sasa nashikilia kwamba mazungumzo ya kazi yakae katika mawasiliano ya kazi, bila kujali ni mafupi kiasi gani. Mteja akiniandikia katika namba yangu binafsi, namjibu kwamba nitamwandikia kwa barua pepe ya ofisi, kisha nafanya hivyo, na ujumbe wake wa kwanza nauhamishia huko pia. Waajiri nao wana sababu ya kulisimamia hili. Desemba 2021 wadhibiti wa masoko ya fedha wa Marekani waliitoza benki ya JPMorgan faini ya jumla ya dola milioni 200, kwa kuwa wafanyakazi wake, wakiwemo wasimamizi, walijadili biashara kwa simu binafsi na kumbukumbu hizo hazikuhifadhiwa kama sheria inavyotaka.

Kutumia kifaa cha ofisi kwa mambo yako ni hatari ya aina nyingine, na hapa watu hujidanganya zaidi. Mfanyakazi mmoja wa Romania, Bărbulescu, aliachishwa kazi mwaka 2007 baada ya mwajiri kufuatilia akaunti ya Yahoo Messenger, huduma ya kutumiana ujumbe, aliyoifungua kwa ombi la mwajiri kwa ajili ya wateja, na kukuta humo mazungumzo yake na ndugu yake na mchumba wake. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua Septemba 2017 kwamba faragha yake haikulindwa ipasavyo, kwani mahakama za nchi yake hazikupima kama alijulishwa mapema juu ya ufuatiliaji huo na upana wake. Wengi huitaja hukumu hiyo kama ngao. Mimi naihesabu miaka: kumi ilipita tangu alipopoteza kazi.

Liangalie pia suala la kuzungumza na wakili wako. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo la New Jersey, Marekani, ilimlinda mfanyakazi aliyemwandikia wakili wake kwa kompyuta ya mwajiri, lakini kupitia akaunti yake binafsi ya barua pepe. Mwaka uliofuata, mahakama ya rufani ya California ilikataa kumlinda mwingine aliyetumia akaunti ya kampuni huku akijua kwamba inaweza kukaguliwa. Ukiwa na mgogoro na mwajiri wako, usitumie akaunti yake, mtandao wake wala mashine yake kutafuta ushauri dhidi yake.

Kabla hujaunganisha barua pepe ya ofisi na simu yako, uliza kwa maandishi kama mfumo huo unampa mwajiri uwezo wa kufuta simu yote kutoka mbali. Na simu yenye taarifa za wateja ikipotea, toa taarifa siku hiyohiyo hata kama unaona aibu, kwa sababu chini ya sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data mwajiri ana saa 72 tu tangu anapogundua uvujaji unaohatarisha watu hadi kumjulisha mdhibiti.

Siku ya kuacha kazi ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko zote. Usiirudishe kompyuta ya ofisi ikiwa tupu, hata kama nia yako ni kuondoa picha za watoto tu. Orodhesha vitu vyako, omba mtaalamu wa kompyuta wa ofisi avihamishe mbele yako, kisha wote wawili mtie saini. Mafaili ya ofisi yaliyobaki katika simu yako usiyafute wala kuondoka nayo kabla ya kupata maelekezo ya maandishi, na maelekezo hayo yatunze pamoja na mkataba wako.