Usiombe Pesa za Barabara, Omba Pesa za Mto

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayeishi Kasarani, kwao Kangema, aliniandikia: "Dada, nimeona picha za barabara yenu ya Gatanga. Mlitoa wapi pesa?" Tangu ruzuku yetu ipite naulizwa hivyo kila mara. Na kwa kuwa wengi wetu hapa Nairobi tuna barabara ya nyumbani inayotunyima raha mvua ikianza, nitamjibu hapa ili nanyi mpate.

Barabara yetu ni ya maramu, inateremka kutoka kituo cha majani chai hadi darajani. Mgongo wake uliisha zamani, kwa hiyo masika yakipiga, maji hayaendi kando. Yanakimbia katikati, yanachimba makorongo, na udongo wote mwekundu unaishia mtoni. Mto huo unaingia Ndakaini, bwawa linalolisha mifereji ya sehemu kubwa ya jiji hili. Tope la kwetu ndilo mnalolipia kusafishwa huku mjini.

Tulipopeleka ombi la kwanza, afisa mmoja alisoma ukurasa wa mbele tu, akatuambia, "Nyinyi mnataka barabara. Nendeni kwa mbunge wenu." Aliyasema hayo mbele ya wazee waliokuwa wamevaa tai na kuamka saa tisa usiku kumfikia. Mpaka leo nikikumbuka nyuso zao njiani kurudi, moyo unaniuma.

Lakini msimamo wetu ulikuwa sahihi, na nitausema tena: barabara ya maramu na mto ni jambo moja. Pesa za barabara zipo, kila lita ya mafuta inakatwa shilingi 25 tangu Julai 2024, zinapitia Bodi ya Barabara na sehemu yake inafika maeneobunge kupitia KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini. Huko unashindana na kila kijiji kinachotaka gari lipite. Nani atakuuliza maji yanaelekea wapi? Pesa za maji ndizo zinazouliza. Water Sector Trust Fund, mfuko wa serikali wa sekta ya maji, hufadhili vyama vya watumiaji maji, vile tunavyoviita WRUA, vikiwa na mpango wa kutunza kijito chao. Nao mfuko wa maji wa Upper Tana-Nairobi, uliozinduliwa 2015, uliweka mmomonyoko wa barabarani miongoni mwa mambo ya kushughulikiwa, pamoja na matuta na kingo za mito.

Wenzetu wa Pennsylvania, Marekani, walishaona hili. Wavuvi wa samaki aina ya trauti walilalamikia tope la barabara za vumbi, na mwaka 1997 jimbo likaanza kutenga dola milioni 5 kila mwaka za kuzitengeneza. Mwaka 2013 zikapandishwa hadi milioni 35. Na huko mji hauombi pesa hizo kabla ya kupeleka mtu wake kufunzwa namna ya kutengeneza barabara bila kuchafua mto. Habari hizo tuliziambatisha kwenye ombi la pili.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Tulitembea barabarani mvua ikinyesha, simu mkononi, tukapiga picha kila mahali maji yanapoiacha barabara. Kila picha ikawa mtaro wa kutolea maji kando, unaoingia kwenye "fanya juu", yaani mfereji wenye tuta la udongo upande wa juu, katika shamba lililo karibu, na nyasi za Napier ukingoni. Mdomo wa kila kalvati ukapangiwa mawe.

Ugumu ulikuwa kwa wenye mashamba. Mzee mmoja alikataa katakata, maana maji ya barabara yaliwahi kung'oa chai yake, na hakuna aliyekuja hata kumpa pole. Tulikaa naye jioni nyingi. Alikubali pale alipoonyeshwa kwamba maji yatagawanywa katika mitaro mingi midogo, na kwamba yake yatajaza kidimbwi cha kunyweshea mboga kiangazi. Alitia sahihi, kisha yeye mwenyewe akaenda kuwashawishi majirani. Vikao vya baadaye, na barua ya kibali kutoka kwa wenye barabara, nitaviruka. Ila kibali hicho usikikose, hifadhi ya barabara, ile ardhi ya kando yake, si ya kikundi chenu.

Sasa nyinyi mnaochanga kila Desemba kununua lori la maramu, acheni. Mnanunua tope la mto. Nendeni nyumbani wakati wa mvua, si wakati wa sherehe tu, mfuate maji kwa miguu mpaka yanapoishia. Mkiandika ombi, andikeni mto kwanza, barabara ije nyuma yake.

Na msisahau bajeti ya kuzibua mitaro na kalvati kabla ya Machi na kabla ya Oktoba. Mfadhili atauliza nani atazibua. Msijibu "jamii", andikeni majina. Kwetu ni vijana wawili wa bodaboda wanaopita pale kila siku, na wanalipwa.