Kudumu katika maombi ukiwa na kazi ya alfajiri

Dada mpendwa, umeuliza utadumuje katika maombi ilhali unatoka Mbagala alfajiri kwenda dukani Kariakoo na kurudi usiku ukiwa umechoka. Usijihukumu kwa kushindwa kukesha, kwani hata Danieli, aliyebeba majukumu mazito ya serikali, aliomba mara tatu kwa siku. Anza na Zaburi ya 119, ambayo mistari yake 176 imegawanyika katika mafungu 22 ya mistari minane minane, ukisoma fungu moja kabla ya kutoka na kulitafakari ndani ya daladala, hata ukiwa umesimama (na mara nyingi utasimama). Kwa maoni yangu, uaminifu hupimwa zaidi kwenye mizani isiyopunja na chenji kamili kwa mteja asiyehesabu. Usiku mshukuru Mungu kwa maneno machache, kisha ulale.